Mwaka Ambao Mita Ziliishiwa na Dakika

Jioni moja ya Septemba 2024, mtu alibisha mlangoni kwangu kabla sijamaliza kumenya viazi. Alikuwa jirani wa chumba cha saba, fundi cherehani, simu mkononi, uso umejaa wasiwasi.

"Mwalimu, nimenunua tokeni ya umeme ya mia mbili, nimeletewa namba tatu badala ya moja. Hizi mbili za juu ni za nani?"

Tulitoka pamoja hadi kwenye korido. Mita yetu iko ukutani, juu ya mapipa ya maji, mahali ambapo mtoto hafiki. Nilibonyeza namba ya kwanza, tarakimu ishirini, nikangoja mita ikubali. Nikabonyeza ya pili, ishirini nyingine. Kisha ya tatu. Taa zikawaka, cherehani ikaanza kunguruma tena. Majirani wanaotumia mita nyingine mbili za ploti yetu walipoona hivyo, nao wakanunua tokeni ili tumalize kazi mara moja. Kufikia saa tatu usiku nilikuwa nimebonyeza tarakimu mia moja na themanini.

Naishi Kongo, kitongoji cha Kawangware jijini Nairobi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka steji ya matatu namba 46. Nimefundisha hesabu kwa miaka ishirini na miwili, kwanza Kibera nilikozaliwa, kisha huku. Ploti yetu ina vyumba kumi na viwili na mita tatu, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, daftari la mchango wa tokeni liko kwangu. Usiku ule watu walinishukuru wakaenda kulala. Mimi nilibaki na swali la fundi cherehani: hizi mbili za juu ni za nani? Nililifuata swali hilo mpaka likanifungulia mlango wa uvumbuzi ambao tunaugusa kila siku bila kuujua.

Barua iliyofungwa kwa lakiri

Watu wengi mtaani hudhani kwamba ukilipa kwa simu, kampuni ya umeme huipigia mita yako na kuiambia iongeze yuniti. Kwa mita nyingi tulizo nazo, sivyo. Mita ile ya koridoni haina laini wala intaneti. Haijui kama umelipa. Kitu pekee kinachoifikia ni vidole vyako na zile tarakimu ishirini.

Kwa hiyo tarakimu zenyewe lazima zibebe habari yote. Ndani yake mna kiasi cha umeme ulichonunua, mna saa ambayo tokeni ilitolewa, na mna hesabu ndogo ya ukaguzi inayogundua kama umekosea kubonyeza. Kabla ya kutumwa, habari hiyo huvurugwa kwa ufunguo wa siri ambao mita yako inao na ya jirani haina. Ni kama barua iliyofungwa kwa lakiri: anayeweza kuifungua ni aliyeandikiwa peke yake. Ndiyo maana tokeni ya chumba cha saba haiwezi kuwasha taa za chumba cha kwanza, hata mkiazimana kwa wema. Na ndiyo maana tokeni haitumiki mara mbili, kwa sababu mita huweka kumbukumbu ya tokeni za karibuni na kukataa inayojirudia.

Mbona tarakimu ziwe ishirini, si kumi wala thelathini? Hapa hesabu ilinifurahisha. Habari hiyo yote huandikwa kwa biti 66, yaani nafasi 66 ambazo kila moja ni sifuri au moja, ndiyo au hapana. Idadi ya ujumbe unaoweza kuandikwa kwa nafasi hizo ni moja ikizidishwa kwa mbili mara 66. Fanya hesabu hiyo ufike mwisho, utapata 73,786,976,294,838,206,464. Hesabu tarakimu zake: ni ishirini kamili.

Utaratibu huu unaitwa STS, na ulizaliwa barani mwetu. Mita za kutumbukiza sarafu zilikuwapo Uingereza tangu zamani, lakini mfumo wa namba zilizofungwa kwa siri ulikomaa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la Eskom lilipokuwa likipeleka umeme kwenye mamilioni ya nyumba za Waafrika zilizokuwa zimeachwa gizani. Walihitaji njia ya kuuza umeme mahali ambapo barua ya bili haifiki na mshahara hauji mwisho wa mwezi. Leo utaratibu huo ni kiwango cha kimataifa, unatumika katika makumi ya mamilioni ya mita duniani. Kenya Power ilianza kuujaribu Nairobi mwaka 2009. Mara nyingi huwasikia wanafunzi wangu wakisema kwamba uvumbuzi hutoka ng'ambo. Nikiwasikia, huwapeleka koridoni nikawaonyesha mita.

Dakika milioni kumi na sita

Nilisema kwamba ndani ya tokeni mna saa. Saa hiyo haiandikwi kama tunavyoandika tarehe ubaoni. Mfumo huhesabu dakika tu, ukianzia usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1993. Tokeni iliyotolewa dakika moja baadaye ni namba moja, na kuendelea.

Wahandisi walioubuni waliitengea saa hiyo biti 24. Walikuwa wanabana nafasi, kwa sababu biti zaidi zingeongeza tarakimu za kubonyeza, na mtu aliyesimama gizani na mshumaa hapaswi kubonyeza tarakimu arobaini. Biti 24 hufika dakika 16,777,215, basi. Zigawanye kwa dakika 1,440 za siku moja, kisha kwa siku za mwaka: ni miaka 31 na karibu miezi 11. Ukihesabu kutoka Januari 1993, unafika tarehe 24 Novemba 2024.

Siku hiyo hesabu ingerudi sifuri. Tokeni mpya ingefika kwenye mita ikiwa na saa ya mwaka 1993, na mita imefundishwa kukataa tokeni iliyo ya zamani kuliko zile inazozikumbuka. Mita yenyewe isingeharibika, na umeme uliokuwa ndani usingekatika ghafla. Ila ungenunua tokeni halali kwa pesa halali, ukabonyeza, ikakataa, ukabonyeza tena, ikakataa. Hivyo ndivyo mita kama zetu zingefanya, kutoka Cape Town hadi Kawangware.

Basi zile namba mbili za juu zilikuwa za mita yenyewe. Zinaipa ufunguo mpya wa siri, zinafuta kumbukumbu ya tokeni za zamani, na kuanzia hapo dakika zinahesabiwa kutoka 1 Januari 2014. Ziko mbili kwa sababu ufunguo una biti 64, na namba moja haiwezi kuubeba wote pamoja na maelekezo yake na ukaguzi wake. Ukakatwa nusu mbili, kila nusu ikapewa tarakimu ishirini. Namba ya tatu ndiyo iliyokuwa na yuniti za fundi cherehani. Kazi hiyo Kenya Power iliitangaza mwaka 2024 chini ya kampeni ya "Update Token Meter Yako", na haikuwa na malipo.

Jambo la namna hii limewahi kutokea na litatokea tena. Mwaka 2000 ulipokaribia, dunia nzima ilihofia kompyuta zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili. Na kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde kutoka mwaka 1970 kwa biti 32 zitajaa tarehe 19 Januari 2038. Kila kifaa kinachohesabu kina chombo cha kuwekea hesabu, na kila chombo kina ukingo.

Sayansi ya kadogo

Mama yangu aliuza mandazi Laini Saba, Kibera. Usiku alikanda unga kwa mwanga wa koroboi, na mafuta ya taa tuliyanunua kwa chupa ya soda, kwa sababu pesa ya kujaza mtungi haikuwahi kukaa mkononi mwake siku moja. Makaa tulinunua kwa mkebe, unga kwa gorogoro. Nairobi tunaiita biashara hiyo kadogo. Ukinunua kidogo unalipa zaidi kwa kila kilo, na mama alijua hivyo vizuri, lakini hakuwa na namna. Mtu anayepata kwa siku hununua kwa siku.

Nimekuja kuamini kwamba uvumbuzi uliobadilisha mitaa yetu ni ule uliomheshimu mtu wa kadogo. Jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile lenye kiuno chembamba ambalo kila nyumba inalo, lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata jiko la ndoo la Thailand, na Max Kinyanjui ni miongoni mwa waliolirekebisha likafaa mafundi wetu wa jua kali. Halikumtaka mama abadilishe chakula wala mahali pa kununua makaa. Lilichofanya ni kupunguza makaa kwa kati ya theluthi na nusu, na mkebe mmoja ukadumu.

Kisha ikaja M-Pesa, tarehe 6 Machi 2007. Wengi huikumbuka kwa sababu ya kutuma pesa nyumbani, na ni kweli. Lakini ilileta kitu cha pili ambacho hakikuonekana mara moja: polepole ikawezekana kumlipa mtu pesa kidogo akiwa mbali bila gharama ya kuzikusanya kula pesa hizo zenyewe. Hapo ndipo tokeni ya umeme ilipopata miguu. Namba iliyobuniwa Afrika Kusini ilikutana na malipo yaliyokomaa Kenya, na mtu wa Kongo akaweza kununua umeme usiku akiwa amekaa kitandani.

Wengine wakafuata njia hiyo. M-KOPA ilipoanza kuuza taa za jua mwaka 2012, mteja aliweka arubuni kisha akalipa shilingi 40 hivi kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja, kiasi kisicho mbali na kile nyumba nyingi zilikuwa zikichoma kwenye koroboi. Ndani ya kifaa mlikuwa na laini ya simu: siku ikilipwa, taa inawaka. KopaGas ilianzia Dar es Salaam na wazo lilelile kwenye mtungi wa gesi, na hapa Nairobi mita ya namna hiyo sasa hukaa juu ya mtungi jikoni. Inapima gesi inavyotoka, na valvu hujifunga pesa inapoisha. Mtungi mzima umo ndani ya nyumba yako, lakini unalipia chai ya leo tu.

Maji nayo yamefuata. Mwaka 2015 kampuni ya maji ya jiji iliweka mashine za maji Mathare zikiuza lita 20 kwa senti 50, mahali ambapo wachuuzi waliuza kwa shilingi kadhaa. Na Kibera, shirika la SHOFCO liliinua mabomba juu ya nguzo, yakapita juu ya mabati badala ya kulala kwenye mitaro ya maji machafu ambako yalikuwa yakipasuka, yakikatwa na kuingiza uchafu. Kuinua bomba si teknolojia ya maabara. Ilitosha mtu kutazama mahali ugonjwa unapoingilia na kulitoa bomba hapo.

Bei ya kushiriki mita

Sasa niseme jambo linaloniuma, kwa kuwa sifa peke yake haijazi sufuria.

Bei ya umeme wa nyumbani Kenya ina ngazi. Tangu Aprili 2023, anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini, wa kuanzia hapo hadi 100 hulipa zaidi, na aliyepita 100 hulipa bei ya juu kuliko wote. Ngazi yako huamuliwa kwa wastani wa miezi mitatu. Nia ya mpango huu ni njema: maskini alipe kidogo.

Lakini mita haijui watu wangapi wako nyuma yake. Katika ploti yetu kila mita inahudumia vyumba vinne. Tuseme kila chumba kinatumia yuniti 28, taa mbili, redio, simu na televisheni ndogo. Kila mmoja peke yake angekuwa kwenye ngazi ya chini. Mara nne ni yuniti 112. Mbele ya mita sisi ni tajiri mmoja mwenye nyumba kubwa. Punguzo lililotungwa kwa ajili yetu linatupita mlangoni kwa sababu tunaishi kwa kubanana. Nimeiandika hesabu hiyo kwenye daftari la mchango nikamwonyesha kila jirani, na kila mmoja alinyamaza kidogo kabla ya kusema neno.

Kibera kuna kivuli kingine, stima ya sambaza: nyaya zinazovutwa kwa siri kutoka kwenye nguzo, unamlipa mtu fulani kila mwezi, na kila mwaka zinaunguza nyumba na kuua. Wapo wanaowalaumu wakazi. Mimi nimelelewa huko, najua kwamba kwa miaka mingi kuunganishiwa umeme halali kuligharimu shilingi 35,000, pesa ambayo muuza mandazi haioni. Kenya Power ikisaidiwa na Benki ya Dunia iliposhusha gharama hiyo hadi shilingi 1,160 kwa nyumba za mitaa kama Kibera na kuweka mita za tokeni, maelfu ya watu walijiunga. Waliohitaji umeme halali walikuwapo muda wote. Bei ndiyo iliyokuwa haijawafikia.

Na sheria inaweza kuubomoa uvumbuzi kwa siku moja. Septemba 2018 mafuta ya taa yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili yasichanganywe na dizeli, na aliyeumia ni mwenye koroboi. Watu wakaambiwa wahamie gesi. Julai 2021 gesi nayo ikawekewa ushuru wa asilimia 16. Ushuru ule wa gesi ulishushwa baadaye hadi nusu, kisha ukaondolewa, lakini nakumbuka majirani waliorudisha jiko la makaa ndani ya chumba mwaka ule wa 2021, chumba kisicho na dirisha la maana. Mhandisi anaweza kubuni valvu bora duniani. Mtungi ukiwa ghali, valvu hiyo inafunga hewa tupu.

Neno kwa mwenye mita

Nimeona watu wengi wakiogopa kibodi ya mita kama wanavyoogopa karatasi ya mahakama. Wiki zile za 2024 wapo mtaani waliotozwa pesa na vijana wa kupita ili wabonyezewe namba ambazo zilikuwa bure. Hawakuibiwa kwa sababu ni wajinga. Waliibiwa kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaeleza. Mtu akijua kwamba namba mbili za kwanza ni nusu mbili za ufunguo, hamlipi mtu kumshikia ufunguo wake mwenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wewe mpangaji, soma ujumbe wa tokeni hadi mwisho. Mmeandikwa yuniti ulizopata, na mmeandikwa pia ushuru na tozo zilizokatwa. Uandike kwenye daftari mwezi baada ya mwezi, nawe utaijua ngazi yako. Wewe mwenye ploti, omba mita kwa kila chumba, au angalau kwa kila vyumba viwili. Mpangaji wako atapata bei aliyotungiwa na sheria, nawe utaepuka ugomvi wa nani aliacha pasi imewaka. Na nyinyi mnaopanga bei ya umeme, tumeni watu wahesabu milango iliyo nyuma ya mita moja Kongo na Gatina huku Kawangware, na Lindi na Mashimoni kule Kibera, kisha mtunge ngazi zinazoijua milango hiyo.

Wanafunzi wangu wa gredi ya saba niliwapa hesabu ya dakika ubaoni. Walianza 1 Januari 2014, wakaongeza dakika 16,777,216, wakagawanya, wakakumbuka miaka mirefu, wakabishana kuhusu siku moja, mwishowe wakafika. Saa hiyo itajaa tena tarehe 24 Novemba 2045. Siku hiyo wao watakuwa watu wazima wenye umri wa zaidi ya miaka thelathini, na mita zilizopo wakati huo zitahitaji watu wa kuzishughulikia. Niliwaambia waandike tarehe hiyo nyuma ya daftari la hesabu, na wote wakaiandika.